Kisanduku cha kadibodi, simu ya kuazima na dagaa wa usiku

Nianze na bei, maana najua ndiyo mliyoijia. Kisanduku cha kadibodi cha kutazamia uhalisia pepe (VR: unaweka simu ndani, unakishika usoni, unaona ulimwengu wa kompyuta umekuzunguka) tulikinunua Kariakoo kwa shilingi 12,000. Miwani ya plastiki yenye mikanda ya kichwani, duka la tatu kutoka hapo, 35,000 baada ya kuvutana nusu saa. Programu zote za kutengenezea gemu, bure. Bando la kupakulia hizo programu za bure, sitaki hata kukumbuka.

Tulikuwa wanne, mwaka wa mwisho, mradi wa kumalizia shahada, hapa Dar. Mimi niliandika msimbo, yale maagizo yanayoiendesha gemu. Mmoja alichora kwa Blender, programu ya kuchorea maumbo ya 3D, mmoja alishika sauti na ripoti, na wa nne, mzaliwa wa Ukerewe, ndiye aliyekuja na wazo. Mchezaji amekaa mtumbwini usiku wa giza katikati ya ziwa, taa inawaka, dagaa wanaifuata, naye anatakiwa ashushe wavu wakiwa wamejaa na kabla hawajatawanyika. Basi. Hakuna kukimbia, hakuna bunduki. Tukaiita Karabai. Nakiri wazo lilipita kwa uvivu: usiku hauna mengi ya kuchora, na mtu aliyekaa mtumbwini hatembei. Nilikuja kujua baadaye kwamba ule uvivu ulitufaa kuliko vikao vyote tulivyokaa.

Miwani ya plastiki kwanza, nimalizane nayo. "Hii orijino, dada'angu," muuzaji aliniambia, "hata watoto wa Masaki wanachukua hii hii." Kwa macho ni kitu cha maana kweli: sponji ya kukaa usoni, lenzi zinazosogezwa kwa vijigurudumu, mlango wa mbele wa kufungia simu ndani. Ila haina kitufe. Kwenye boksi lake kulikuwa na kirimoti kidogo cha Bluetooth, ambacho siku ya kwanza kiliungana na simu vizuri, siku ya pili kikagoma, na siku ya tatu kikawa kinapandisha sauti badala ya kushusha wavu. Halafu vile vibanio vya kushikia simu vimekaa sawasawa na kitufe cha kuzimia. Unafunga mlango, simu inalala. Unafungua, unaiamsha, unafunga, inalala tena. Tulikata kipande cha kandambili tukakichomeka pembeni ili simu isogee nusu sentimita.

Lakini kosa lake kubwa halionekani dukani. Kila kifaa cha namna hii kina vipimo vya lenzi zake: lenzi moja iko umbali gani na mwenzake, iko umbali gani na skrini, na inaipinda picha kiasi gani. Gemu lazima ivijue vipimo hivyo ili iipinde picha kinyume, ikipita kwenye lenzi ifike jichoni imenyooka. Kisanduku cha kadibodi kilichofuata mchoro wa Google huwa kimechapwa msimbo wa QR ubavuni. Unaupiga kwa kamera mara moja, vipimo vinaingia, imeisha. Ile ya plastiki haikuwa na msimbo wowote. Kasia letu, ambalo mchoraji alilinyoosha kwa rula, likawa linaonekana kama ndizi mzuzu. Tulitafuta vipimo kwa kubahatisha jioni mbili nzima, macho yakatuuma, tukaacha.

Kuna mtu mmoja tu aliyeipenda, naye ni mwenzetu wa sauti, kwa sababu anavaa miwani ya macho na ile ya plastiki ndiyo yenye nafasi ya kuivaa juu yake. Ukiwa na timu yenye watu wa miwani, lifikirie hilo. Vinginevyo weka 35,000 yako mfukoni.

Sasa kadibodi. Kitu hiki, Google Cardboard kwa jina lake, kilianzia Paris, kwenye ofisi za Google, mikononi mwa wahandisi wawili, David Coz na Damien Henry, na kikatolewa hadharani Juni 2014. Cha kwanza kilikuwa na sumaku ubavuni kama kitufe. Cha pili, cha 2015, kikaja na kibonyezo juu upande wa kulia: ukikisukuma, kipande cha sponji inayopitisha umeme kinagusa skrini ya simu ndani, na simu inadhani ni kidole chako. Google waliacha kuviuza wenyewe mwaka 2021, ila mchoro ulishaachiwa watu bure zamani, na msimbo wa programu yake uliwekwa wazi mwishoni mwa 2019. Ndiyo maana leo bado unavikuta vimepangwa kwenye meza za barabarani pembeni ya chaja na kava, na aliyevitengeneza humjui.

Chetu kilidumu miezi minne. Siyo kwa ubora wake, kwa selotepu. Adui wa kadibodi hapa Dar ni paji la uso la mtu. Mwezi wa Februari, chumba cha hosteli, feni moja, watu kumi na mmoja wanapokezana kujaribu gemu: ile sehemu ya kukaa usoni ililowa jasho, ikalainika kama mkate uliochovywa kwenye chai, ikaanza kubonyea. Tulichotakiwa kufanya siku ya kwanza tulikifanya wiki ya tatu, yaani kuzungushia selotepu ya plastiki ukingo wote unaogusa uso, ili ufutike kwa kitambaa. Kibonyezo nacho kilikufa kabla hata hatujafika nusu ya mradi. Ukikisukuma mara tano, skrini inasikia mara mbili. Mwenzetu wa Ukerewe akaokota pakiti ya sigara nje, akachomoa ile karatasi ya fedha, akaikunja juu ya sponji na kuileta mpaka nje pale kidole kinaposhika. Kikarudi kama kipya. Sijui niiweke kwenye ripoti chini ya kichwa gani hiyo, lakini ilifanya kazi hadi siku ya mwisho.

Onyo moja la kweli: usikiache dirishani lenzi zikiwa zimeelekea jua. Lenzi hizo zinakusanya mwanga kama kioo cha kuwashia moto, na simu ikiwemo ndani, skrini ndiyo inayoungua.

Jambo lililonifanya nikipende ni lile ambalo wengi wanalihesabu ubaya, kwamba hakina mikanda. Unakishika kwa mikono miwili usoni kama darubini. Baada ya dakika nne, tano, mikono inachoka na mchezaji anakishusha mwenyewe. Mwanzoni nililalamika. Halafu nikaona waliovaa ile ya plastiki wanakaa nayo robo saa, wanaivua wamepauka, wanaomba maji. Wa kadibodi wanashusha mikono, wanacheka, wanasema lete tena. Tukaamua mzunguko mmoja wa gemu uwe dakika tatu.

Kabla hujanunua kisanduku chochote, angalia simu. Kati ya simu nne tulizokuwa nazo, moja tu ndiyo iliyokuwa na gairoskopu, kile kihisi kinachojua kichwa kimegeuka kwenda wapi na kwa kasi gani. Hizi simu za bei nafuu nyingi zina kihisi cha kuinama tu, ambacho kinatosha kugeuza skrini ilale au isimame lakini kwa uhalisia pepe ni kama kuendesha bodaboda isiyo na usukani. Unageuza shingo, ziwa linabaki pale pale. Pakua programu yoyote ya bure ya kuonyesha vihisi vya simu, isome, halafu ndiyo uanze kuota. Sisi tuliota kwanza. Simu yenye gairoskopu ilikuwa ya kuazima, ya dada wa mchoraji, mwuza vitenge mtandaoni, kwa hiyo katikati ya majaribio, mchezaji akiwa ziwani gizani, ilikuwa inashuka meseji ya "Dada hiyo bei ya mwisho?" mbele ya macho yote mawili. Pia ilikuwa na ufa mwembamba kwenye kona ya skrini. Kwa kawaida huuoni. Kwenye lenzi ule ufa ulisimama kulia kwa mchezaji kama mlingoti wa jahazi. Mtu mmoja aliusifia.

Programu. Tulitumia Unity, programu ya kutengenezea gemu, toleo la bure, pamoja na kiongezi cha Cardboard kinachotolewa na Google kwa ajili ya Unity. Nitakipa sifa zake: kikishakubali, kinakubali. Kugawa skrini mara mbili, kupinda picha kwa lenzi, kufuata kichwa, vyote kinavifanya chenyewe. Shida ni njia ya kukifikia. Video nyingi za mafunzo utakazozikuta zinafundisha kifurushi cha zamani, kile ambacho matoleo mapya ya Unity hayakitambui tena. Tulipoteza wiki mbili tukifuata mwalimu mzuri sana, mwenye sauti tamu, wa mwaka 2017. Kila hatua tuliyoigiza ilizaa makosa mekundu. Ukiona video inakuambia uende kwenye kisanduku cha kuweka tiki cha "Virtual Reality Supported", ifunge, uende moja kwa moja kwenye maelekezo rasmi ya Cardboard, ambayo ni makavu lakini ya kweli. Yasome mstari kwa mstari. Mimi niliruka mstari mmoja, ule uliotutaka wakati ule tuitoe Vulkan kwenye orodha ya njia za kuchorea tubaki na OpenGL ES 3, nikapata skrini nyeusi siku tatu. Kwa kuwa gemu yetu ni ya usiku, siku ya kwanza nilidhani imefanya kazi.

Laptopu yangu ina RAM ya gigabaiti 8. Kutoa faili la APK, lile la kuisakinisha gemu kwenye simu, mara ya kwanza kulichukua dakika arobaini. Dakika ya thelathini na nne umeme ukakatika, na betri yangu ni ya mapambo. Mara ya pili nilifanyia maktaba.

Nikizungumzia timu bila kuzungumzia Git, programu ya kutunzia na kuunganishia kazi ya watu wengi, nitakuwa nimeficha ugomvi wetu mkubwa. Mchoraji alipakia mradi mzima na folda la Library, ambalo Unity hulitengeneza lenyewe kwenye kila kompyuta na halitakiwi kupanda mtandaoni. Gigabaiti sita, kwa bando la wiki, na GitHub, mtandao tulikoihifadhi kazi, hawapokei faili linalozidi megabaiti 100, kwa hiyo bando liliisha na kazi haikufika. Hakuongea na mimi siku mbili, kana kwamba ni mimi niliyeweka kile kikomo. Kuna mafaili ya kutenga (.gitignore), yanayoiambia Git isipakie nini, yaliyokwisha andaliwa kwa ajili ya Unity. Weka siku ya kwanza kabla mtu hajagusa chochote. Tatizo jingine ni lile faili la mandhari, lenye ziwa na mtumbwi na kila kitu: wawili wakilifungua kwa pamoja na wote wakahifadhi, kuyaunganisha ni kazi ya kulia. Tulikuwa na kofia ya mkeka, ya mapambo ya gemu. Ikawa sheria kwamba asiyevaa kofia hagusi mandhari. Ukipita chumbani kwetu saa sita usiku ungemkuta mtu mmoja amevaa kofia ya jua mbele ya laptopu na wenzake wamelala.

Kasi ndiyo iliyotutoa jasho la pili. Ili macho yasichoke simu ichore picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha ina milisekunde 16 na ushei tu, na inachorwa mara mbili, jicho la kushoto na la kulia. Mchoraji wetu ni msanii kweli kweli. Aliufuma wavu wa dagaa uzi kwa uzi, kila tundu, kila fundo, mpaka kamba ya pembeni ukaiona imesokotwa. Ulikuwa mzuri nikaumwa roho kuufuta. Ukishushwa majini gemu ilishuka hadi picha 14 kwa sekunde na simu ya watu ikawa ya moto kama pasi. Tukabandika picha ya ule ule wavu kwenye bapa moja, tofauti hakuna aliyeiona gizani. Mwanga wa taa nao tuliuondoa ule unaokokotolewa papo hapo pamoja na vivuli vyake, tukaupaka kabisa kwenye mbao za mtumbwi kama rangi. Tukafika 55 hadi 60. Baada ya dakika kumi simu ilichemka na kujipunguza kasi, lakini mzunguko wetu ni dakika tatu, hivyo mchezaji alishatoka.

Na mtumbwi. Tulijivunia sana kuyumba kwake. Niliandika mawimbi kwa hesabu ya sine, ile ya pembetatu, mtumbwi unainuka, unainama, na kamera ambayo ni kichwa cha mchezaji inaenda nao. Kwenye laptopu ilikuwa raha tupu. Hosteli, kati ya wale kumi na mmoja, sita walishusha kisanduku kabla dakika moja haijaisha, na mmoja alikimbilia nje. Macho yanamwambia anayumba, masikio ya ndani yanamwambia amekaa kwenye kitanda cha chuma, na tumbo linaamua ugomvi. Tukautuliza mtumbwi kabisa, kamera isisogee hata chembe, tukaacha vitu vya mbali tu ndivyo viwe vinapanda na kushuka kidogo. Hakuna aliyekimbia tena. Kisanduku hiki kinasoma kugeuka kwa kichwa tu, hakijui ukisogea mbele au ukisimama, kwa hiyo gemu yoyote ya kutembea unayoiwazia, mwili wa mchezaji utaikataa. Mkalishe. Mkalishe kwenye daladala iliyopaki, kwenye mti wa maembe, kwenye kiti cha kinyozi, popote anapokaa mtu.

Alama zangu, kwa anayezitaka: kadibodi nane kwa kumi, mbili nimekata kwa ajili ya jasho na kibonyezo. Plastiki tatu, na hizo ni za wenye miwani. Unity na kiongezi chake saba, wangepata zaidi kama wangeziwekea onyo zile video za zamani, japo najua siyo wao waliozipandisha. Kwa kikundi cha wanafunzi bajeti iwe hivi: nusu ya hela ibaki kwa ajili ya bando, visanduku viwili vya kadibodi badala ya kimoja, selotepu, na simu yenye gairoskopu ambayo mwenyewe hauzi vitenge.

Siku kumi na moja kabla ya kuwasilisha, baba mdogo wa mwenzetu alikuja Dar harusini kutokea Ukerewe. Amevua dagaa tangu kijana. Tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki nje ya hosteli, tukampa kisanduku. Alikishika kwa mikono miwili akakaa kimya muda mrefu, anageuza shingo pole pole, kushoto, kulia, nyuma. Tukawa tunasubiri sifa.

"Huu mwezi ni wa nini?"

Mchoraji akasema ni wa kupendezesha.

"Mbalamwezi sisi tunalala nyumbani, mama. Dagaa hawaji kwenye taa mwezi ukiwaka. Utoeni." Akageuka tena. "Na hao vyura wanalia wapi, katikati ya ziwa?" Mwenzetu wa sauti akainamisha kichwa. Kisha baba mdogo akauliza lililotuumbua wote: "Taa mmeitundika mtumbwini. Nani kawafundisha hivyo?"

Mwenzetu wa Ukerewe akaangalia chini. Kumbe alikuwa ameondoka kwao mdogo, na uvuvi wa usiku alikuwa akiuona kutokea ufukweni, nuru tu.

Baba mdogo akatuchorea mchangani kwa kijiti. Taa zinaelea zenyewe majini, juu ya vichanja vidogo, moja hapa, moja kule, kwa mstari. Unaziacha zikusanye. Halafu unazipitia moja baada ya nyingine, na mjuzi anaijua ipi imejaa kwa kuangalia maji yanavyochezacheza pembeni ya mwanga.

Tulibadilisha kila kitu kwa wiki moja. Mwezi ukaondoka, na kasi ikaongezeka picha mbili tatu kwa sekunde. Vyura wakafutwa. Taa sita zikawekwa majini kumzunguka mchezaji, naye anageuza kichwa akizitafuta, anaitazama ipi maji yake yanachemka, anabonyeza, wavu unashuka upande ule. Mpaka siku hiyo wachezaji wetu walikuwa wanaangalia mbele tu kama wanaotazama runinga, na mimi nilikuwa nimeanza kuwalaumu wao.

Tulifaulu. Kisanduku baba mdogo alikiomba, na kwa hali kiliyokuwa nayo, selotepu juu ya selotepu na karatasi ya sigara, tuliona aibu kumpa lakini akakichukua hivyo hivyo. Nasikia lenzi moja imeshang'olewa. Mwanawe wa mwisho anachomea nayo majani makavu mchana.